Mistari Thelathini na Moja Kutoka Yangambi

Kamanda aliichukua disketi yangu, akainyanyua kwenye jua, akafumba jicho moja.

Alikuwa anatafuta majina.

Mimi nilisimama mbele yake kwenye kivuko cha Lubunga, mikono kichwani. Viatu vyangu vilikuwa tayari miguuni mwa mtu mwingine.

"Umesema humu ndani muko majina elfu moja mia moja na arobaini," akaniambia. "Mbona sioni hata moja?"

"Haionekani na macho, mon commandant. Mpaka uiweke kwenye ordinateur, kompyuta."

"Donc ni siri."

"Apana. Ni majina ya batu tu."

"Batu gani?"

Hapo nikajua mambo yangu yameharibika. Ilikuwa Februari 2001, Kisangani. Siku zile mtu akikutwa na orodha ya majina, maana zake zilikuwa mbili tu. Ama ni watu waliouawa, ama ni watu watakaouawa.

Orodha yangu ilikuwa ya aina ya tatu. Ila umweleze nani?

Ngoja nirudi nyuma kidogo, uelewe nilifikaje pale bila viatu.

Naitwa Médard. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na nimeifanya zaidi ya miaka ishirini na tano. Vijana wa siku hizi wananiita le vieux, yaani mzee.

Mwezi uliopita walinialika Kinshasa wakanipa cheti. Walisema nimesaidia sana programu huria. Kwa asiyejua, programu huria ni ile ambayo mwenyewe anaiachia watu wote. Unaisoma, unainakili, ukiona kosa unalirekebisha na kumrudishia.

Mshereheshaji akasema eti mimi humjibu kila mtu anayeniletea marekebisho, hata mwanafunzi asiyejulikana, na ndani ya siku moja.

"Ule mzee alizaliwa na unyenyekevu," akasema.

Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu, nikala keki yao.

Uongo mtupu. Unyenyekevu sikuzaliwa nao. Niliupata kwa aibu, na hii ndiyo habari yake.

Sisi ni Wagenia, watu wa maporomoko. Baba yangu, Félicien Lokinda, alikuwa mvuvi kama baba yake na babu yake. Mimi niliogopa maji tangu utotoni. Baba alinivumilia mpaka nikafika miaka kumi, kisha akakata tamaa, akanipeleka shule.

Nilifika hadi mwaka wa pili wa informatique, masomo ya kompyuta. Vita ikaja, masomo yakasimama, nikajikuta natafuta kazi.

Aliyenichukua ni Mama Kaswera, mfanyabiashara kutoka Butembo. Alikuwa na depo kubwa ya sabuni, chumvi na maharagwe pale Makiso. Nyuma ya depo alikuwa na phonie, ile redio ya kuongea na miji ya mbali. Karibu na phonie kulikuwa na kompyuta moja nzee iliyokula umeme wa jenereta.

Sasa, Juni 2000.

Majeshi mawili ya kigeni, ambayo jana yake yalikuwa marafiki, yaligombania mji wetu kwa mabomu. Mji haukuwa wa huyu wala wa yule. Watu wanaiita Vita ya Siku Sita, kama vile wiki ile ya kazi ambayo siku ya saba mtu anapumzika.

Siku ya kwanza baba alianza kuvusha watu kwa mtumbwi, kuwapeleka ng'ambo Lubunga. Alivusha mara tatu. Mara ya nne hakurudi.

Mabomu yaliponyamaza tuliukuta mtumbwi wake chini ya maporomoko. Ulikuwa umetoboka ubavuni. Ndani hamkuwa na mtu.

Mama alikaa nao nusu siku, mkono juu ya lile tundu.

Wiki iliyofuata depo ya Mama Kaswera ikajaa watu. Hawakutaka sabuni. Kila mtu alikuwa anamtafuta mtu. Walifikiri phonie inaweza kuita jina hewani na mtu akaitika.

Parokia zilikuwa na orodha. Zahanati zilikuwa na orodha. Shule walizolala wakimbizi zilikuwa na orodha. Na kila orodha iliandikwa na karani anayeandika anavyosikia.

Mama Kaswera akanisimamia kichwani.

"Weye Médard, iyo ordinateur iko inakula mazout yangu ya jenereta bure. Ifanye kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Batu banatafutana. Na weye ulisoma."

Nikakaa siku tisa. Nikaandika programu, nikaiita TAFUTA.

Ujanja wake ulikuwa mmoja. Ilijua kwamba majina mawili yanaweza kuandikwa tofauti na yakawa ya mtu mmoja. Mama mmoja wa Kabondo alimwandika mwanawe Timothée. Parokia ya Mangobo walimwandika Timoteo. Kwa karani hao ni watu wawili. TAFUTA ikasema ni mmoja.

Yule mama alimkuta mwanawe mchana uleule, anakula mbinzo, wale viwavi wa kukaanga, kwenye veranda ya watu.

Bwana, kichwa changu kilivimba. Watu walikuwa wananishika mkono barabarani. Mapadri walinisalimia wa kwanza.

Nikaona nisiwe mchoyo. Nikaanza kuwapa watu TAFUTA kwenye disketi. Juu kabisa ya programu niliandika hivi:

"Hii ni ya watu wote. Nakili, mpe mwenzako. Ukiona kosa, tengeneza na unirudishie. Médard, Kisangani."

Neno open source, yaani programu huria, nilikuwa sijalisikia. Niliandika hivyo tu kwa sababu yalisikika kama maneno ya mtu mkubwa.

Disketi moja ilifika Bangboka, uwanja wa ndege, kwa karani wa mizigo aitwaye Évariste. Akarekebisha kitu. Maandishi yaliyokuwa meupe akayafanya ya njano, ili yaonekane vizuri mchana.

Nilifurahi sana. Nikaliandika jina lake ndani ya programu.

Disketi nyingine ilishuka na boti hadi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Huko ilikutana na Virginie.

Mimi Virginie nilikuwa simjui. Nilijua tu kwamba mwezi wa tisa bahasha ililetwa depo na mtu wa boti. Ndani kulikuwa na disketi na barua fupi.

"Ndugu Médard. Nafanya kazi ya kupanga mimea iliyokaushwa. Mmea mmoja unaweza kuwa na majina matano, kila kijiji na lake. Naona watu pia ni hivyo. Mtu akitafuta jina lenye Papa au Mama mbele, programu yako inalitupa hilo neno na kutafuta jina lililobaki peke yake. Hapo kuna kosa. Mama Kaswera ni Kaswera mwenyewe, sawa. Lakini Papa Néhémie mara nyingi si Néhémie. Néhémie ni mtoto wake. Nimeongeza mistari thelathini na moja. Virginie, Yangambi."

Niliisoma mara mbili.

Mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu ya neno "kosa."

Mara ya pili nilikasirika kwa sababu alikuwa ameandika jina lake juu ya programu, chini kidogo ya langu. Évariste yeye aliomba kwanza.

Nikajiuliza, mwanamke wa majani makavu ananifundisha mimi informatique? Nani anakimbia mabomu, anafika kwa padri, halafu anajiandikisha kwa jina la mtoto wake?

Sikuifungua disketi. Nilimjibu kwa boti iliyofuata, mstari mmoja: "Merci, lakini programu iko bien, haina kosa."

Disketi nikaiweka chini ya katoni ya sabuni.

Wakati huo kila asubuhi, kabla ya watu kuingia, nilikuwa naandika jina la baba. Félicien Lokinda. Nilijaribu pia Felisiani, nilijaribu Rokinda.

TAFUTA ilinijibu kwa maandishi mazuri ya njano: HAKUNA.

Niliamini. Ningekosaje kuamini? Niliitengeneza mwenyewe.

Orodha mpya zilikuwa zinaingia kila wiki. Aliyeziandika kwenye kompyuta ni Philippe, karani wa depo, mtu mzima mwenye miwani mizito. Mimi sikuwa nazisoma. Programu ilikuwa ya nini basi, kama mwenyewe nasoma karatasi?

Desemba wajomba zangu walikaa na mama. Wakasema inatosha. Miezi sita, mtumbwi umetoboka, mashine ya mtoto inasema hakuna. Tufanye matanga.

Ni mimi niliyeitwa kuthibitisha.

"Umeangalia vizuri?" mjomba akaniuliza.

"Nimeangalia, tonton. Hayuko."

Mama akavaa nguo nyeusi. Majirani wakakaa kwetu siku nne. Nilikuwa nawasikia wakipita mbele yake mmoja mmoja.

"Mama Ursule, pole."

"Mama Ursule, kula kidogo."

"Mama Ursule, kazi ya Mungu."

Ursule alikuwa dada yangu, mtoto wa kwanza. Alikufa kwa surua kabla sijazaliwa. Lakini jina lilibaki. Wagenia wote walimwita mama yangu Mama Ursule na baba yangu Papa Ursule. Félicien lilikuwa jina la kwenye kadi.

Siku nne nilisikia jina lile. Nilibeba viti, nilichota maji, nilisalimia watu. Na barua ya Virginie nilikuwa naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu ya hasira.

Sikuunganisha.

Sasa turudi kivukoni.

Nilikuwa natoka parokia ya Lubunga na orodha mpya kwenye disketi. Wanajeshi waliotawala mji siku zile wakanipekua. Kamanda wao aliitwa Waziri. Lilikuwa jina, si kazi, ingawa mwenyewe hakuona tofauti.

Nilimweleza TAFUTA. Nikamweleza mtoto wa Kabondo, parokia, maandishi ya njano.

Akaishusha disketi.

"Mimi natoka Kindu," akasema. "Mwaka mbili sijapata habari ya mama. Mutafute."

"Jina lake nani, mon commandant?"

"Mama Waziri."

"Jina lake yeye mwenyewe."

Akanitazama kama nimemtukana.

"Mama ni mama. Weye unamwitaka mama yako kwa jina?"

"Apana, mon commandant."

"Bon. Kesho saa nne asubuhi uniletee jibu. Ukikosa kuya, tunajua depo."

Akanirudishia disketi. Viatu hakutaja, na mimi sikuuliza.

Nilitembea peku hadi Makiso. Nikawasha kompyuta, nikaandika Mama Waziri.

TAFUTA ikatupa neno Mama, ikabaki na Waziri. Ikaniletea wanaume kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na miaka mitatu.

Nikaona kifo changu. Nimpelekee kamanda mwenye bunduki mtoto wa miaka mitatu, nimwambie huyu ndiye mama yako?

Ndipo nikainua katoni ya sabuni.

Nataka hapa niwe mkweli. Virginie alinieleza kosa kwa heshima na kwa mfano mzuri. Nilikataa. Mwanajeshi akanieleza kosa lilelile bila kujua, akiwa na bunduki. Nikakubali mchana uleule.

Nikasoma mistari yake kwa mara ya kwanza. Thelathini na moja, safi, hakuna hata mmoja wa bure. Ilisema hivi kwa kifupi: ukikuta Mama au Papa, usitupe. Jaribu mara mbili. Kwanza kama jina lake mwenyewe, halafu kama jina la mtoto wake. Na alikuwa ameongeza mahali pa kuandika majina ya watoto wa unayemtafuta.

Nikaiingiza. Ikakubali mara ya kwanza. Zangu hazijawahi kukubali mara ya kwanza.

Nikaandika Mama Waziri. Wakatoka wanawake watatu. Nikapumua.

Sasa, sisi waandika programu tuna ugonjwa mmoja. Kitu kipya lazima ukijaribu na jina unalolijua, uone kama hakidanganyi. Jina nililolijua kuliko yote lilikuwa moja.

Nikaandika: Félicien Lokinda. Watoto: Ursule, Médard.

Sikuwa na tumaini lolote. Nilikuwa najaribu mashine tu.

Ikatoka mistari miwili ya njano.

PAPA URSULE. MWANAUME. MVUVI, MUGENIA. MGUU UMEVUNJIKA.
OPALA. ORODHA ILIINGIA TAREHE 19 AGOSTI.

Nikaisoma tena, herufi kwa herufi. Jenereta inanguruma, Philippe anahesabu katoni nyuma yangu.

Agosti. Orodha ya Opala ilifika kwa baiskeli, karatasi tatu zilizoloa jasho. Nilizipokea kwa mikono yangu. Nikampa Philippe bila kuzisoma.

Ningezisoma kwa macho tu, kama mtu yeyote asiye na programu, ningemwona baba.

Nilimwita Mama Kaswera. Alisoma taratibu, kidole kwenye kioo.

"Agosti?"

"Agosti, mama."

"Na matanga mulifanya mwezi gani?"

"Desemba."

Akavua miwani. Nilingoja anitukane. Afadhali angenitukana.

"Ule soldat kesho akuandikie laissez-passer," akasema. "Mimi nitakupa baiskeli, chumvi na sabuni. Mama yako usimwambie bado."

Sikumwambia. Kama mguu ule ulikuwa umemuua huko, sikutaka mama afanye matanga mara mbili.

Kesho yake nilimpelekea Kamanda Waziri wanawake wake watatu. Akasoma umri na vijiji, akatikisa kichwa mara tatu.

"Mama yangu hamuko."

"Pole, mon commandant."

"Lakini weye macho iko mekundu. Umelia ju ya mama yangu?"

"Nimempata baba yangu. Opala."

Alinitazama muda mrefu. Nilifikiri ananionea wivu, na pengine ndivyo. Kisha akavuta karatasi, akaandika ruhusa ya kupita, akagonga muhuri.

Baadaye tulisikia kwamba mama yake hakuwahi kukimbia. Alikuwa Kindu nyumbani kwake muda wote, anatwanga. Mtu aliyenilazimisha kurekebisha programu hakuhitaji programu.

Njia ya Opala ni msitu, matope na madaraja ya magogo. Siku saba kwa baiskeli, na nusu ya safari baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi.

Nilimkuta kando ya mto Lomami, amekaa kwenye gogo, anashona wavu. Mguu mmoja ulikuwa umepinda kuanzia goti. Kichwa kimenyolewa.

Aliinua macho. Hakusimama.

"Weye nani?"

"Ni Médard, papa."

"Médard alikufa."

"Hapana. Ni mimi. Mama yuko. Tuko wote."

Akanyoosha mkono, akanishika kisigino, kama mtu anayepima samaki kama bado ni mzima. Kisha akaushika mguu wangu wote kwa mikono miwili, akauweka kwenye paji la uso wake.

Tulikaa hivyo. Watu walipita.

Alipoweza kuongea alinieleza. Bomu lilipiga mtumbwi karibu na ukingo wa Lubunga. Watu walimbeba kwenye mkokoteni, wakamkimbiza mpaka Opala akiwa na homa, hajitambui. Padri alipouliza jina, mama mmoja wa Wagenia akajibu analolijua: "Huyu ni Papa Ursule."

"Lakini papa, kwa nini hukutuma habari?" nikamuuliza. "Miezi yote hii?"

Akaacha wavu.

"Nilituma."

"Ulituma nani?"

"Feruzi. Mutu wa baiskeli, anauzisha mafuta ya mawese. Mwezi wa kumi nilimutuma Kisangani. Nikamwambia, tafuta familia ya Papa Ursule, Wagenia."

"Hakufika kwetu."

"Hakufika ju hakukuwa na lazima. Alirudi akaniambia, kule mjini kuko mashine, iko kwa mama mumoja Munande wa Butembo. Mashine inajua batu bote bazima. Karani wa miwani akamuandikia jina. Mashine ikasema hakuna."



Kutoka depo hadi kwetu ni kama saa moja kwa miguu. Feruzi angeuliza mtoto yeyote njiani, angeonyeshwa mlango. Hakuuliza. Kwa nini aulize, wakati mashine imeshajibu?

"Nikajua bomu lilibakuta mu nyumba," baba akasema. "Nikanyoa kichwa. Nikafanya matanga yenu hapa, peke yangu, na bale bavuvi ba Lomami."

Yaani Oktoba alituzika. Desemba tukamzika. Wote tukiwa wazima, wote kwa ushahidi uleule.

Baba akaokota sindano ya wavu, akaitazama.

"Ile mashine ni ya nani?"

Ningeweza kusema ni ya Mama Kaswera. Haingekuwa uongo mkubwa.

"Ni yangu, papa. Mimi ndiye niliyeandika kile kilicho ndani."

Akaichomeka sindano kwenye wavu.

"Donc ni weye uliniambia kama weye ulikufa."

"Ndiyo, papa."

Aligeuka akatazama mto. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akalia kweli, halafu vyote kwa pamoja, na mimi pia.

Mwisho akajifuta uso.

"Na nani alikurekebisha?"

"Mwanamke mmoja wa Yangambi."

"Ulimushukuru?"

"Bado."

"Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye wavu wake.

"Kweli ulipaswa kuogopa maji tu, si kurekebishwa," akasema.

Tulifika nyumbani siku kumi baadaye, baba kwenye baiskeli, mimi nasukuma. Mama alikuwa uani na nguo zake nyeusi. Alimtazama baba kutoka kichwa hadi ule mguu. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki.

"Kaa ule," akamwambia.

Kisha akanitazama mimi. Alikuwa ameshasikia habari ya Agosti, Mama Kaswera alimwambia nilipokuwa safarini.

Siku ile mimi sikupewa sahani.

Kesho yake nilirudi depo, nikapitisha orodha zote upya kwa mistari ya Virginie. Wakatoka watu themanini na sita ambao TAFUTA yangu ilikuwa imewakataa. Walikuwa Papa fulani, Mama fulani.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia jamaa zao. Nilidhani wataniita shujaa tena. Kwenye milango minne nilipeleka habari ya mtu aliyekuwa hai mwezi wa tisa, disketi ya Virginie ilipofika, na alipofuatwa alikutwa ameshakufa. Alikufa akiamini hana mtu.

Majina yao manne ninayo. Siyaweki hapa, si ya kuwekwa hapa.

Mwezi wa sita nilishuka na boti hadi Yangambi. Baba alinipa kapu la samaki wakavu, akasema nisirudi nalo.

Virginie alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa amekaa katikati ya makaratasi yenye majani makavu.

"Mimi ni Médard wa TAFUTA."

"Ah," akasema. "Monsieur Iko Bien."

Nikamweleza yote. Baba, Feruzi, matanga mawili, wale wanne. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliweka mkono juu ya karatasi.

"Mustari wa kumi na tisa," akasema. "Uliuona?"

"Uko na nini?"

"Kosa. Ni yangu. Mutu akiwa na mapacha, inachanganya. Niliona wakati boti ilikuwa imeisha kuondoka. Nilikuwa nangoja uniulize nikuambie."

Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeusoma kwa machozi, kisha kwa kuabudu, na njia zote mbili hazionyeshi kosa.

Tukavuta viti, tukautengeneza pamoja. Jioni nilipanda boti kapu likiwa tupu.

Mwaka 2004 internet ilifika Kisangani. Niliiweka TAFUTA huko, jina la Virginie juu, langu chini yake. Watu wa nchi nisizozijua wakaanza kuitumia kwenye mafuriko yao na vita vyao, wakileta majina yao na ujanja wao. Kutokana na hiyo nilipata kazi Bukavu, halafu Nairobi, halafu kazi za mbali ambazo mabosi wake sijawahi kuwaona uso kwa uso. Cheti cha Kinshasa pia kinatoka humo.

Baba aliishi miaka kumi na minne zaidi. Alirudi kwenye maporomoko na mguu wake ule. Mgeni akimuuliza mtoto wako anafanya kazi gani, alikuwa anajibu taratibu kabisa: "Anatengeneza mashine ya kupoteza batu. Siku ingine inabarudisha."

Juzi mwanafunzi mmoja alinitumia marekebisho bila hata salamu. Ameandika kwamba nilichokifanya kwenye sehemu fulani ni upuuzi.

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, bado nakasirika kama zamani. Kitu kimoja tu kimebadilika: siku hizi nasoma kwanza, ndipo nakasirika. Nikimaliza kusoma, mara nyingi hasira imeshakosa kazi.

Kijana alikuwa na haki. Nilimjibu siku ileile.

Na wewe unayesoma, labda kazi yako si kompyuta. Labda unaandika vyeti vya hospitali, unapanga mizigo, unafundisha darasa la nne. Siku mtu atakapokuja kukuambia umekosea mahali, utataka kujua yeye ni nani na amesoma wapi.

Acha kwanza. Angalia pale anapokuonyesha. Huenda kuna mtu amekaa upande wa pili wa hilo kosa, amenyoa kichwa, anashona wavu, na ameshaambiwa kwamba wewe hupo.